Logibuku hiyo si ya karavani yako, Mwalimu

SWALI: Salamu mzee wetu. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Bahati, Nakuru. Nimenunua karavani kuukuu ya Kiingereza (ile nyumba ndogo inayovutwa na gari), aina ya Sprite, kutoka shamba moja upande wa Njoro, na nimelipa nusu ya bei. Nia yangu ni kuitengeneza tuwe tunaenda nayo Ziwa Elementaita na wajukuu wakati wa likizo. Kibao kilicho karibu na mlango kinaonyesha mwaka 1969 na namba ya tarakimu sita. Logibuku niliyopewa ina namba ya chesisi ndefu, herufi na tarakimu 17. Inasema rangi ni kijani, na yangu ni nyeupe; inasema ekseli ni mbili, na yangu ina moja. Muuzaji anasema ni makosa ya karani. Fundi wa jua kali amejitolea kugonga namba ya logibuku kwenye chuma, yaishe. Mpwa wangu aliye Uingereza naye anasema niandike huko nipate logibuku ya kwanza. Nimsikilize nani?
— Mwalimu mstaafu, Bahati

JIBU: Mwalimu, nusu iliyobaki ikae mfukoni kwanza. Nimelitafuta hilo kosa la karani katika barua yako na sijaliona.

Karani huandika 8 mahali pa 3, au herufi O mahali pa sifuri. Nimeshughulikia karatasi za magari hapa Kisumu tangu enzi za Msajili wa Magari, kabla ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na makosa ya namna hiyo nimeyaona tele. Yanarekebishika. Lakini tarakimu sita hazigeuki 17 kwa kalamu kuteleza. Namba za urefu huo zilikuwa sharti Marekani kuanzia magari ya mwaka 1981, kisha zikaenea kwingine. Karavani ya 1969 haikutoka kiwandani nayo. Ongeza hizo ekseli mbili, na naona umepewa karatasi ya trela nyingine kabisa, labda ya kubebea ngano. Angalia kisanduku cha uzito mtupu na cha mzigo inaoruhusiwa kubeba. Kikisema tani kadhaa za mzigo, hapo hakuna la kubishania.

Na jambo hili ni zito. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukihamisha logibuku hiyo kwa jina lako, utakuwa mmiliki wa trela usiyoijua, ambayo huenda bado inafanya kazi katika shamba la mtu, na karavani yako itabaki haina karatasi.

Fundi huyo mkatalie leo. Sasa hivi una karavani yenye karatasi zisizolingana, jambo linaloelezeka. Namba ikishasagwa na kugongwa upya, polisi wataona mali ya wizi, na wewe ndiwe utakayekutwa nayo. Wachunguzi hutumia asidi kuisoma namba iliyosagwa.

Mpwa wako ana nia njema, ila Uingereza karavani hazisajiliwi kama magari. Hubeba namba ya gari linalozivuta. Rejista ya wenye viwanda, CRiS, ilianza 1992, kwa hiyo yako haimo. Historia yake itafute hapahapa, ambako trela husajiliwa peke yake na kupewa bamba linaloanza na Z. Hukuniambia kama kuna bamba nyuma. Kama lipo, namba hiyo ndiyo ya kufanyia utafutaji wa rekodi NTSA, si ile ya logibuku. Muulize muuzaji pia karatasi za forodha na makubaliano yoyote ya zamani ya mauzo. Kibao cha mlangoni kisafishe kwa mafuta taa na brashi laini, uweke karatasi juu na kuisugua kwa penseli, kisha uende na nakala hiyo kwa wakaguzi wa magari wa Nakuru. Usiivute barabarani kabla hawajasema neno.

Jina lililo kwenye logibuku hukulitaja pia. Kama rekodi ya kweli itapatikana kwa jina la marehemu, watoto wake hawawezi kukuuzia kabla mahakama haijawapa barua za usimamizi wa mirathi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinafanya kuingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa, na mnunuzi huingia matatani pamoja na muuzaji. Waanze kwa chifu.

Rangi ni jambo dogo; ikibadilika inaarifiwa, basi. Lakini usinunue kopo la rangi bado. Namba ya Z huenda ilichorwa moja kwa moja kwenye bati la nyuma, chini ya hiyo nyeupe. Sugua polepole kwa msasa laini uone.