Jeshi, Boni na Katiba

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wanajeshi wanatibu wagonjwa huko Basuba, eneo la msitu wa Boni katika Kaunti ya Lamu, ilhali kazi yao ni kulinda mpaka. Jibu liko kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 241, kinachotaja kazi tatu za jeshi. Kwanza ni kulinda nchi na mipaka yake. Pili, jeshi ni lazima lisaidie mamlaka nyingine panapotokea dharura au janga, kisha liripoti kwa Bunge la Taifa. Tatu, linaweza kutumwa kurejesha amani ndani ya nchi, lakini hapo sharti Bunge liidhinishe kwanza.

Kwa hivyo daktari wa KDF (Jeshi la Ulinzi la Kenya) kumtibu mama wa jamii ya Waboni si kosa. Na kwa kweli, tangu operesheni ya usalama dhidi ya al-Shabaab katika msitu wa Boni ianze mwaka 2015, kuna vijiji ambavyo bila jeshi wagonjwa wangeteseka mno. Nawashukuru kwa dhati.

Linaloniuma ni kwamba dharura imegeuka mazoea. Zahanati ni kazi ya kaunti, shule ni ya Wizara ya Elimu. Askari akihamishwa, matibabu nayo yanaondoka naye, mtoto anabaki vilevile. Halafu wavuvi wetu wa Lamu! Marufuku ya kuvua usiku iliwabana kwa sababu ya usalama, na fidia hawakuona.

Wewe ukikutana na mbunge wetu, usimuulize jeshi linafanya nini. Muulize ripoti ambazo Bunge linapaswa kupewa amezisoma lini, na zahanati za Boni zitapata wauguzi wa kudumu lini.