Raba za hendeli za Honda ya zamani

Kaka, hiyo pikipiki CB125 ya mzee wako unayoulizia raba za hendeli, usinunue kwa macho, pima kwanza. Hendeli yake ni milimita 22, lakini raba ya upande wa mafuta, yaani kulia, tundu lake ni kubwa zaidi, kama 25 hivi, sababu yavaa juu ya ile paipu ya plastiki inayozunguka, na wengi huuziwa mbili za kushoto wakabaki kulia. Sponji achana nazo, zangu zilinyonya jasho na chumvi mpaka zikanuka dagaa nikiwa foleni ya feri Likoni. Chukua raba laini ya michirizi. Kuvalisha tumia spiriti, oili usiguse kabisa, raba itazunguka mkononi. Ukimaliza vuta mafuta uachie, lazima ile paipu irudi yenyewe chap.