Geti la ubalozi nalo ni kazi, liwekee bei

Juzi kijana mmoja niliyemfundisha kusoma ramani alinipigia. "Shikamoo kaka. Nimeona tangazo la ubalozi, kubadilisha paa la stoo na kupaka rangi ukuta wa nje. Niwapige bei gani?" Nikamwambia bei ni kitu cha mwisho. Akacheka, nadhani aliona namficha siri. Basi naimwaga hapa.

Tuelewane kwanza ni kazi zipi. Kujenga ubalozi mpya wa Marekani si tenda yako wala yangu. Sheria yao ya 1986 imewatengea Wamarekani wenyewe miradi mikubwa ya aina hiyo, na sisi tukiingia tunaingia chini ya mgongo wa mkandarasi wao. Zetu ni paa, pevingi, mifereji, nyumba za maofisa, msingi wa jenereta. Usizidharau. Aliyewahi kudai malipo ya hatua ya pili kwa miezi minane anajua thamani ya mteja anayelipa ndani ya siku alizoandika.

Makaratasi nitayapitia haraka. Kwa tenda nyingi za Marekani utatakiwa uwe umesajiliwa kwenye SAM, mfumo wao wa wazabuni, na kabla ya hapo uwe na namba ya NCAGE, ya kuitambulisha kampuni yako. Vyote ni bure. Ukishajisajili tu, utaanza kupata barua pepe za watu wanaotaka dola mia kadhaa "wakukamilishie". Futa. Kinachotusumbua Watanzania ni jina na anwani. Kama cheti cha BRELA, wanaosajili kampuni, kinasema "Company Limited", usiandike "Co. Ltd" mahali pengine, na sanduku la posta si anwani, wanataka mtaa na kiwanja. Usajili huo unahuishwa kila mwaka. Weka kumbusho kwenye simu.

Tenda yangu ya kwanza ilikufa kwa uzembe wangu. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa kumi jioni. Mimi nilibonyeza kutuma saa kumi kasorobo, na picha za kazi zote nilizowahi kufanya tangu nipate cheti cha CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Barua pepe ikarudi: kiambatisho kizito mno. Nilipomaliza kukigawa vipande, saa kumi na dakika sita. Wenzetu hawana "tumechelewa kidogo tu, mzee". Uzito unaoruhusiwa ulikuwa umeandikwa ukurasa wa tatu.

Ya pili nikashinda, na ndiyo iliyonifundisha. Ilikuwa msingi wa jenereta na kibanda chake, ubalozi mmoja hapa Dar, jina tuliache. Zege nikaagiza la lori. Majina ya madereva, vitambulisho vya NIDA na namba za magari nilikuwa nimeyapeleka wiki mbili kabla, kama walivyotaka. Asubuhi ya kumwaga, lori likafika saa mbili kamili. Aliyeshuka si dereva wa kwenye orodha. Yule wetu ameamka na homa, kiwanda kimeleta mwingine.

Hakuingia. Wala sikubishana, mtu mzima wa mji huu anayekumbuka 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, hahitaji kuelezwa kwa nini. Nikasimama barabarani naangalia pipa la zege likizunguka juani. Saa tatu na nusu, muda uliozoeleka wa zege ya lori umekwisha. Dereva akataka kuongeza maji ili "lilainike", nikamkatalia, maana zege la namna hiyo ukilimwaga leo unalibomoa mwezi ujao kwa gharama yako. Likarudi lilikotoka, nami nikalilipia lote. Ndani, vijana wangu kumi na wawili walikuwa wamekaa juu ya nondo wanasubiri.

Usiku ule nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya tenda. Kila asubuhi ukaguzi, kuacha simu, kupewa pasi na kusubiri wa kutusindikiza vilitula kama dakika 40. Watu 12 mara dakika 40 ni saa 8. Yaani kila siku nilikuwa namlipa mtu mmoja mzima asimame kwenye foleni. Kazi ilikuwa ya siku 45. Kwenye BOQ yangu, orodha ya kazi na bei zake, hakukuwa na mstari wa mtu huyo.

Siku hizi anao. Orodha ninayopeleka ina watu wa akiba, na kila gari madereva wawili. Zege dogo nakorogea ndani kwa mikisa, na kokoto na mchanga naviingiza siku moja kabla.

Siku ya kutembelea saiti nenda na fundi wako mkuu na futi yako mwenyewe, usitegemee vipimo vya kwenye mchoro. Maswali yanaulizwa kwa maandishi, na majibu wanatumiwa wazabuni wote. Kwa hiyo ukigundua njia rahisi ya kufunga jukwaa, usiiulize, nyamaza nayo. Wakitoa marekebisho ya tenda, thibitisha kwa saini kuwa umeyapokea. Karatasi hiyo moja imeangusha watu wenye bei nzuri.

VAT soma wanavyotaka iandikwe. Balozi zina msamaha wa kodi, na ukiificha ile asilimia 18 ndani ya bei utaonekana ghali bure. Bima nayo usidhani mchango wa WCF, mfuko wetu wa fidia kwa wafanyakazi, umemaliza. Kwa tenda za Marekani, sheria yao ya 1941 inaweza kukudai bima nyingine ya wafanyakazi. Malipo ya awali usiyatarajie, ingia na mtaji. Na ankara iandike kwa utulivu: ikiwa na kosa inarudishwa, na siku zinahesabiwa upya.

Kijana amenipigia tena jana, ametoka kutembelea saiti. Paa hakuanza nalo. "Kaka, tulikuwa wanane, tumekaa getini dakika thelathini na tano. Na gari la mabati litapita mlango wa nyuma, ule unafunguliwa saa nne."