Kabla hujanunua monita nyingine, angalia setingi na waya

Watu wengi hapa Kampala wakiona maandishi yana ukungu kwenye skrini wanaanza kutafuta hela ya monita nyingine, mi nasema subiri kwanza. Kazi yangu ni kuchapa na kuprinti pale Wandegeya, wanafunzi wa Makerere wanaleta kazi zao asubuhi mpaka usiku, macho yako kwenye herufi muda wote, na monita zetu karibu zote ni za mtumba lakini maandishi yanasomeka safi kabisa.

Anza na rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, vile vinukta vidogo vinavyounda picha. Monita bapa ina idadi yake ya pikseli na haibadiliki, hizi za inchi 24 nyingi ni 1920 kwa 1080, ukiipa picha ya kipimo kingine inabidi iivute ienee na hapo ndo ukungu unapoingia. Nenda Display settings kwenye Windows uchague ile yenye neno Recommended. Herufi zikiwa ndogo usishushe rezolusheni jamani, pandisha Scale (ukubwa wa maandishi) iwe asilimia 125, zitakua na zitabaki safi. Wenye laptop ndo wanateseka zaidi, kwa sababu laptop nyingi za bei ya chini ni 1366 kwa 768, sasa ukichomeka monita ukaiacha kwenye Duplicate, yaani skrini zote mbili zinaonyesha kitu kimoja, mara nyingi nayo inafuata kipimo cha laptop, we unadhani monita mbovu kumbe nzima. Bonyeza Windows na P pamoja, chagua Extend ili kila skrini iwe na picha yake, halafu rudi uangalie rezolusheni tena.

Waya nao. Ule wa VGA wenye kichwa cha bluu na skrubu mbili ulikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, unapitisha picha kwa analogi, yaani kama mawimbi ya umeme na si namba, kwa hiyo monita inakisia kila pikseli inaanzia wapi, ikikosea unaona herufi zina kivuli au zinatetemeka. HDMI na DisplayPort, waya za kidijitali, hazina mambo ya kukisia. Kama huna tundu lingine zaidi ya VGA, fungua ukurasa uliojaa maandishi kisha bonyeza batani ya Auto kwenye monita, ijipange yenyewe.

Ile Sharpness (ukali wa picha) kwenye menyu ya monita usiipandishe mpaka mwisho, inachora ukingo mweupe kuzunguka herufi na macho yanauma, irudishe ilivyotoka kiwandani. Kisha andika ClearType, kile kifaa cha Windows cha kusafisha herufi, kwenye Start, uchague maandishi unayoyaona vizuri.

Wanaotumia TV kama monita, tafuta kwenye saizi ya picha kitu kama Just Scan au Screen Fit, kingo zisikatwe. Ila TV ya inchi 32 yenye 1366 kwa 768 pikseli zake ni kubwa mno, sinema sawa, kuchapa hapana.

Na ukienda kununua ya mtumba beba laptop yako na waya wa HDMI, fungua dokumenti yenye herufi ndogo, soma pembe zote nne kabla hujatoa hela.