Rudisha kwanza hiyo fomu ya mkopo

Wee mwalimu, hiyo fomu ya Sacco irudishe leo leo. Umesema unataka kukopa 80,000 ulipie kozi ya ualimu ya Jumamosi huko Kisumu upande cheo, na unauliza kama inafaa, ununue tarakilishi gani, na uombe uhamisho wa Nakuru kabla au baada. Haifai! Nimepita hapo na bado nakatwa mshahara.

Miezi kumi na moja nilitoka Mumias alfajiri kila Jumamosi, nauli yangu, chakula changu, kwenda kusomewa slaidi katika ukumbi wa hoteli hadi jioni. Anayesoma slaidi naye alikuwa akisinzia. Jamaa aliyetuandikisha aliapa kwamba Tume ya kuajiri walimu, TSC, inakitambua cheti hicho. Alikuwa akituita "wapendwa", hapo ndipo ningeshtuka. Nilipokipeleka ofisini, karani alishusha kidole kwenye orodha ya taasisi zilizoidhinishwa mpaka mwisho, akapanda nacho tena, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Taasisi yetu haimo. Kuiuliza orodha hiyo kabla ya kulipa kungenigharimu nauli ya boda tu. Simu ya yule mpendwa? Mteja hapatikani mpaka leo.

Sasa sikia aliyenifunza kazi. Kuna mzee wa hisabati hapa kwetu aliyepitia SMASSE, ule mradi wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, ulipoanza 1998, Kakamega ikiwa kati ya wilaya tisa za majaribio. Wimbo wao ulikuwa panga, tenda, tazama, boresha. Siku moja aliketi dawati la nyuma kipindi changu kizima cha akisami, kimya. Wakati wa chai akanifungulia daftari: katika dakika 40, nimeongea 31, na maswali yangu yote yamewaendea watoto watano wale wale wa mbele. Miaka tisa kazini, sikuwahi kuliona hilo! Wiki iliyofuata tukaandika andalio la somo pamoja, nikafunga mdomo, watoto wakakunja karatasi wakabishana wenyewe robo na nusu. Ada ilikuwa chapati mbili.

Kwa hiyo usimlipe mtu akufundishe kufundisha kabla mwenzako hajaketi nyuma ya darasa lako mara tatu, nawe darasani kwake. Kesho kipindi cha kwanza anza. Na ukisikia mtu akikuita mpendwa, shika mfuko.

Cheti changu ninacho. Nimekikunja mara nne kinazuia dirisha la bafu lisigongegonge.