Kuhusu kuuza mafuta ya bangi isiyolevya katika duka la dawa, Kasulu

Ndugu, nimekuelewa: msambazaji anataka uuze mafuta hayo katika duka lako la dawa muhimu, akidai Marekani yameruhusiwa tangu 2018. Kigezo cha sheria ya huko ya 2018, yaani kutozidi asilimia 0.3 ya THC (kemikali ya bangi inayolevya), hakikukingi hapa Tanzania dhidi ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Tena duka la aina yako huuza dawa zilizoorodheshwa tu. Usipokee hata chupa moja “ya majaribio” (mtego ninaoufahamu vizuri) kabla TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) haijakuthibitishia usajili kwa maandishi. Ikiwa umekwisha kuipokea, muone wakili kwanza. Mteja anayetumia mafuta hayo pamoja na warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) mwelekeze kwa daktari, maana mafuta hayo huweza kuzidisha hatari ya kutokwa damu.