Kuchunguza vumbi la angani: ninavyoijua kazi hii

Mleta mada, umeuliza mtaalamu wa falaki anayechunguza vumbi na galaksi (makundi makubwa ya nyota) hushinda akifanya nini, na kama binti yako anayependa nyota ajitose huko. Huu ni mwaka wangu wa 12 kwenye kazi hii, ngoja nikueleze.

Kwanza, sahau habari ya kukesha jicho likiwa kwenye darubini. Darubini iliyonilisha zaidi sijawahi kuiona. Ni Herschel, darubini ya anga za juu iliyorushwa 2009 na kufikia mwisho wake 2013 heliamu ya kuipoza ilipokwisha. Data zake tunazitafuna mpaka leo. Siku zangu zinaishia kwenye kompyuta: Python (lugha ya kuandikia programu), takwimu, na kuandika maombi ya muda wa darubini ambayo mengi yanakataliwa.

Vumbi lenyewe si kama la uvunguni. Chembe zake nyingi hazifiki hata maikromita moja (sehemu ya milioni ya mita), zinakaribia moshi, nazo ni za silikati (madini ya mawe) na kaboni. Zamani lilikuwa kero tu. Mwaka 1930 mwanafalaki Robert Trumpler alionyesha kwamba linafifisha nyota za mbali, na kwa miaka mingi watu walilipigia hesabu ili waliondoe. Kumbe karibu nusu ya mwanga wote uliotolewa na nyota umemezwa na vumbi, ukatolewa tena kama infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Asiyelitazama anaikosa nusu hiyo.

Sasa nikupe aibu yangu. Nikiwa kwenye uzamivu nilipima mwanga wa galaksi moja katika mawimbi yenye urefu wa maikromita 250, 350 na 500. Vumbi likiwa baridi zaidi, hung'aa zaidi kwenye mawimbi marefu. Kwenye 500 ilikuwa inang'aa kupita kiasi, nami nikashangilia: nimepata vumbi baridi ajabu! Nikaandika kurasa 20. Msimamizi wangu akaangalia mchoro, akauliza neno moja tu: "Nyuma yake?" Kwenye urefu huo wa wimbi picha za Herschel zina ukungu, vitu viwili vinaonekana doa moja. Tulipopata picha kali zaidi, nusu ya doa langu ilikuwa galaksi nyingine, ya mbali mno, iliyojipanga nyuma ya ile yangu. Miezi mitatu ikaenda na maji. (Nilijifariji 2014, kundi la watafiti wa darubini ya BICEP2 lilipotangaza alama za mawimbi ya mvutano ya mwanzo wa ulimwengu, kisha ikabainika kwamba vumbi la galaksi yetu lilitosha kueleza waliyoyaona.)

Kuhusu ajira sitakupamba. Baada ya uzamivu ni mikataba ya miaka miwili mitatu, unahamahama, na nafasi za kudumu ni chache kuliko wanaozitaka. Wenzangu wengi wameishia kwenye uchambuzi wa data na wanalipwa vizuri kunizidi.

Binti akazanie hisabati, fizikia na kuandika programu. Akitaka kuonja, data za Herschel ziko wazi kwenye intaneti. Apakue picha ya Andromeda, galaksi jirani yetu, ajaribu kutenganisha mwanga wa galaksi na ule wa vumbi letu lililo mbele yake. Ikipita wiki na bado hajainuka kitini, rudi hapa tuongee.